Dar hadi Iringa kwa pikipiki wakati wa joto: lalaeni Mikumi

Msomaji mmoja ameuliza: vijana wanne, pikipiki za cc 125 na 150, wanataka kutoka Dar hadi Iringa kwa siku moja mwezi Januari. Je, injini zitahimili? Ndugu yangu, injini ikitunzwa itafika. Wasiwasi wangu ni kwenu ninyi mtakaoziendesha.

Safari hiyo ni karibu kilomita 500. Hata mkitoka saa kumi na mbili asubuhi, ukihesabu foleni ya Kibaha, matuta na vibao vya 50 kwenye vijiji, Ruaha Mbuyuni mnaifikia alasiri, jua kali na nyie hoi. Bonde lile la mibuyu ndilo lenye joto kuliko sehemu zote za njia. Basi lalaeni Mikumi mjini. Hifadhi ya Mikumi ivukeni mapema, kabla ya jioni, maana barabara inapita ndani yake kilomita kama 50 na wanyama hukatiza wapendavyo. Kesho yake ondokeni kukishapambazuka, na Ruaha Mbuyuni mtaipita wenye vitunguu wakiwa ndio kwanza wanapanga magunia.

Suala la nguo halina mjadala. Joto likipita nyuzi 35 hivi, upepo haupoozi ngozi tena, unaipasha, na unakausha jasho hata usijue unalitoa. Anayevua jaketi abaki na singlendi anaishiwa maji haraka zaidi, na akianguka lami inamchuna. Lowesha fulana, ikamue kidogo, ivae, kisha juu yake jaketi la wavu. Ikikauka, lowesha tena. Maji kunywa nusu lita hadi lita moja kwa saa, kwa mafunda madogo, na ORS pakiti moja kwa lita. ORS ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa.

Mchungeni mwenzenu. Akianza kukosea gia, kuchelewa kufunga breki au kujibu kwa hasira, simameni kivulini papo hapo. Akichanganyikiwa katika maneno, safari imekwisha: mvueni jaketi na helmeti, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na atafutiwe gari la kumpeleka hospitali. Msimlazimishe kunywa.

Katika msafara, mwenye pikipiki dhaifu akae wa pili, nyuma ya kiongozi, na huyo wa pili ndiye apange mwendo. Mwenye uzoefu afunge msafara akiwa na pampu, viraka na spana. Endesheni mmoja akiwa kushoto mwa njia yenu na anayemfuata kulia, na pumzikeni kila kilomita 60 hadi 70.

Upepo wa tairi pima alfajiri, tairi likiwa baridi. Pikipiki nyingi za namna hii hutaka psi 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma kulingana na mzigo, ila namba ya kitabu chako ndiyo sahihi. Mchana kipimo kitapanda, na ni kawaida. Ukipunguza upepo saa hizo, tairi litalegea, litapinda-pinda, na lizidi kuchemka. Oili iwe 20W-50 kama kitabu kinairuhusu, ifike alama ya juu.

Mlima Kitonga pandeni kwa gia ya pili au ya tatu, injini ikizunguka kwa wepesi. Gia kubwa ikilazimishwa, injini inagonga na kupoteza nguvu. Msigande nyuma ya lori: linawakinga upepo na kuwapulizia moshi wa moto, ilhali injini hizi hupozwa na hewa tu. Ikizidi kuchemka, egesheni mahali salama nje ya lami, zimeni, subirini dakika 20. Msiimwagie maji, silinda inaweza kupasuka.

Mkifika Ilula, mji ulio kabla ya Iringa, kagueni cheni. Ikicheza zaidi ya milimita 30, ikazeni, muipake oili ikiwa bado ina moto ndipo ipenye vizuri.