Kabla hamjampa mzabuni kazi ya halmashauri

Nimefanya kazi miaka mingi kitengo cha manunuzi, na kila bajeti swali ni lilelile: usafi, ulinzi, ukusanyaji wa ushuru, tufanye wenyewe au tumpe mzabuni? Kikao kikianza tu, hoja ya kwanza huwa bei. Mimi nashauri bei isubiri. Ulizaneni kwanza: kazi hii ikifanywa ovyo, nani kati yetu atajua, na atajua lini?

Chukueni usafi wa hospitali. Mkataba ukisema "usafi wa jumla", mzabuni ataleta watu wachache, na saa nne asubuhi choo cha wodi ya wazazi kinanuka huku muuguzi hana wa kumwambia. Mkataba ukitaja kwamba chumba cha kujifungulia kinapigwa deki kwa dawa kila mama anapotoka, na muuguzi wa zamu anasaini karatasi ambayo bila hiyo malipo hayapiti, kampuni ileile itafanya kazi nyingine kabisa. Hakikisheni pia bei yake inatosha kulipa kima cha chini cha mshahara. Isipotosha, mfagiaji ndiye atakayeumia, na sisi tuliosaini tumeshiriki kumdhulumu.

Ushuru wa gulio una hatari yake. Wakala anawalipa kiasi mlichokubaliana, kinachozidi ni chake. Kama hamjui gulio linaingiza shilingi ngapi, mnapatanaje? Kusanyeni wenyewe kwanza, wakati wa mavuno na wakati wa ukame, ndipo mzungumze na wakala.

Halafu kuna kuachana na mzabuni. Mwaka 2003 huduma ya maji Dar es Salaam ilikabidhiwa City Water, kampuni binafsi, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja, DAWASCO, shirika la umma la maji, ikachukua kazi, lakini kesi za usuluhishi ziliendelea hadi 2008.

Kwa hiyo hata mkitoa kazi nje, msiwaachie wanaoijua waondoke wote. Bakini na fundi au msimamizi anayeweza kumbishia mkandarasi. Na kipengele cha kuvunja mkataba kiandikwe kabla zabuni haijatangazwa: nani anabaki na vifaa, nani ana orodha ya wateja, na makabidhiano yatachukua siku ngapi.