Mwanangu Atazungumza Jukwaani, Niende?

Maswali ya wasomaji hujibiwa na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi katika wadi za Nyanza na ambaye sasa anaishi Bronx, New York. Majina ya walioandika tumeyaficha.

SWALI: Dada, salamu nyingi kutoka New Jersey, nilikokuja kumtembelea binti yangu. Mimi ni mwenyeji wa Kisumu, mama wa kanisa, na nimekuwa katika umoja wa akina mama tangu nilipoolewa. Mwaka juzi binti yangu aliniambia kwamba anampenda mwanamke mwenzake. Nililia, kisha nikanyamaza, na tangu hapo hatujaligusa tena jambo hilo. Sasa ameniambia atazungumza mbele ya watu katika jumba moja la Manhattan ambako watu kama yeye hukutana, na kwamba ameniwekea kiti. Hajanilazimisha. Jumba hilo ni la nini hasa? Nikienda, je, nitahesabiwa kuwa nimekubali? Na nikifika nifanye nini? — *Mama wa Kisumu*

JIBU: Dada yangu, nenda. Nimelitanguliza jibu ili usome mengine roho ikiwa imetulia.

Jumba hilo nalijua. Liko nambari 208, West 13th Street, na wenyewe huliita The Center. Zamani lilikuwa shule ya sekondari iliyofunza vijana kazi za vyakula na za melini. Wapenzi wa jinsia moja wa jiji hili walikuwa wamechoka kukutana kwenye baa na vyumba vya kuazima, wakalinunua kutoka kwa serikali ya jiji mwaka 1984 kwa dola milioni 1.5. Ndani kuna vyumba vya mikutano, ushauri nasaha, vikundi vya watu wanaojaribu kuacha pombe, na hifadhi ya nyaraka zao za miaka mingi. Halafu kuna viti vilivyopangwa mbele ya kipaza sauti, ambavyo ndivyo vinavyokuhusu wewe.

Acha nikusimulie jioni moja iliyopita humo, maana inakugusa kuliko unavyodhani. Walikuwa na utaratibu wa mihadhara ya kila mwezi. Machi 10, 1987, mwandishi Nora Ephron ndiye aliyepangiwa kuzungumza. Akapata udhuru, wakamtafuta Larry Kramer, mwandishi wa tamthilia, ashike nafasi yake. Kramer alikuwa amezika marafiki wengi kwa Ukimwi. Aliwaambia thuluthi mbili ya waliokuwa ukumbini wasimame, kisha akawaambia waliosimama kwamba ndani ya miaka mitano huenda wakawa wamekufa wote. Akauliza wanataka kufanya nini. Siku mbili baadaye walirudi pale pale, wakaanzisha kundi la ACT UP. Machi 24 walikuwa Wall Street wameziba barabara, wakidai dawa zitolewe haraka na kwa bei ambayo mtu anaimudu. AZT, dawa ya kwanza ya virusi vya Ukimwi, ilikuwa imepata idhini siku tano tu kabla, na gharama yake ilikuwa kama dola 10,000 kwa mwaka. Watu 17 walikamatwa. Kwa miaka iliyofuata kundi hilo lilikuwa likikutana Jumatatu usiku katika jumba hilo hilo atakalosimama binti yako.

Wewe na mimi miaka ya tisini tulikuwa upande wetu wa ziwa. Unakumbuka. Mimi nilikuwa zamu za usiku, wagonjwa wawili kitanda kimoja na wa tatu kwenye mkeka chini. Tulikuwa na septrini, kidonge cha kuua bakteria, na siku nyingine hata hiyo haikuwepo. Ndugu walileta uji kwenye thamosi na kuuliza kwa sauti ya chini ni ugonjwa gani, nasi tulijibu kwa sauti ya chini zaidi. Wengine wakasema ni chira, laana ya kuvunja miiko, wakamrudisha mtu nyumbani afie huko. Serikali ilikuja kuutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999. Mwaka huo huo, wanaharakati wa ACT UP walikuwa wakimfuata Al Gore, makamu wa rais wa Marekani aliyekuwa akiwania urais, kwenye mikutano yake ya kampeni wakimkemea kwa sababu serikali yao ilikuwa ikiibana Afrika Kusini isijipatie dawa za bei nafuu. Walioanza kwa kudai dawa zao wenyewe sasa walikuwa wanadai zetu. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, na mwaka huo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua mlango wa kuziingiza dawa za aina hiyo. Mwaka 2003 ukaja PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kugharimia vita dhidi ya Ukimwi. Wapo wengi waliofanya kazi hiyo, Waafrika wenyewe mbele kabisa, wala simpi Kramer sifa ya wote. Lakini kila nikipita West 13th huwa naikumbuka wadi yangu, na huwa naona kwamba tuna deni kwa watu waliokubali kusikiliza usiku ule badala ya kwenda zao nyumbani kwa kuwa mgeni waliyemtarajia hakuja.

Ndiyo maana nalipenda jumba hili kwa dhati. Kramer hakuitiwa mkutano wa dharura. Alikuta mihadhara ipo, watu wamezoea kuja, na mtu wa kufungua mlango yupo. Mihadhara mingine mingi ya humo ni ya kawaida tu: mashairi, malezi, uzee, sheria za kodi za wanandoa. Hiyo ya kawaida ndiyo iliyoweka taa zikiwaka mpaka usiku ule ukafika.

Sasa, kuhesabiwa. Dada, kukaa kwenye kiti si kutia sahihi. Wapo humo wazazi wa kila namna, na hakuna atakayekupa kadi ya uanachama. Mlangoni watakusalimu, pengine watakuuliza jina na jinsi unavyopenda kutajwa. Wewe sema "Mama" na jina la mwanao, wataelewa. Mwishoni hupitishwa kipaza sauti kwa maswali. Huna haja ya kukishika. Ukikishika, uliza jambo ambalo kweli hulijui; usitoe ushuhuda, na usimwombee mtu kwa sauti hata kama moyo unakusukuma. Usipige picha za watu, maana kuna waliokuja bila nyumbani kwao kujua. Na nikuonye mapema: ghorofa ya pili kuna chumba kilichokuwa choo, ambacho mchoraji Keith Haring alikijaza michoro mwaka 1989, miezi michache kabla ya Ukimwi kumuua. Watu husafiri kukiona. Ni uchi mtupu kutoka ukuta hadi ukuta. Binti akikwambia "twende tukaone", ujue unachoenda kuona, nawe una ruhusa ya kubaki kwenye ngazi.

Kuhusu kanisa, nina jambo moja la kukutia moyo. Mwaka 1974, kabla jumba hili halijapatikana, wanawake weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa wakipenda wanawake walianzisha kundi lao, Salsa Soul Sisters, kwa sababu kwenye baa walikuwa wakizuiwa mlangoni na katika vikundi vya Wazungu hawakusikilizwa. Walikuwa wakikutana na kujadiliana Alhamisi jioni ndani ya kanisa la Methodisti, hapo hapo Manhattan. Mmoja wa waanzilishi wao alikuwa mchungaji, Dolores Jackson. Binti yako hakuwa wa kwanza kusema maneno hayo karibu na madhabahu.

Akimaliza, usimwambie amezungumza vizuri. Hilo atalisikia kwa wengine. Mtajie kitu kimoja alichokisema ambacho ulikuwa hukijui juu yake, halafu umuulize kilichofuata. Mmeishi na kimya tangu mwaka juzi. Mna ya kuongea njiani hadi New Jersey, na garimoshi la usiku huwa halina watu wengi.

SWALI: Shikamoo mama. Niko Mombasa, nina miaka 24. Mimi na wenzangu, makuchu (ndivyo tunavyojiita wapenzi wa jinsia moja) na marafiki wa makuchu, tunataka mahali pa kukutana mara moja kwa mwezi, mtu mmoja asimulie maisha yake na wengine wamsikilize. Siyo disko. Tumeona video za majumba ya huko kwenu na roho zetu zimewaka. Tuanzeje? Na sheria inasemaje? — *Kijana wa Kisauni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote za mwezi huu.

Sheria kwanza. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa Mei 2019, na kile cha kwanza kinabeba kifungo cha hadi miaka 14. Vifungu hivyo ni vya vitendo. Watu kukaa chumbani na kuzungumza ni jambo jingine, na hapo una kitu mkononi: Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba ilikuwa makosa kuwanyima wapenzi wa jinsia moja haki ya kusajili shirika lao. Kesi hiyo ilianzia kwenye jina lililokataliwa na msajili mwaka 2012. Miaka kumi na zaidi, mwanangu, kwa ajili ya jina tu. Lakini usimshauri mwenzako wa Kampala ategemee hukumu hiyo. Kule sheria ya 2023 inatoa hadi miaka 20 kwa wanachokiita kukuza ushoga, na mkutano wa namna yenu unaweza kuingizwa humo.

Hata hivyo hukumu ya Nairobi haisimami mlangoni kwako usiku. Unajua kilichotokea Mtwapa Februari 2010: uvumi wa harusi, umati ukakivamia kituo kilichokuwa kikitoa huduma za Ukimwi. Watu walipigwa. Kwa hiyo msitake jumba lenye bendera. Hata hawa wa New York walianza kwenye vyumba vya kuazima.

Anzeni na watu wanaojuana, kila mmoja amdhamini anayemleta. Mahali pasitajwe kwenye simu hadi siku yenyewe, na pasiwe pale pale kila mara. Simu ziwekwe kwenye kikapu mlangoni. Tafuteni wakili mapema, wakati hamna shida. Mashirika ya haki za binadamu ya Nairobi yana mawakili wanaoijua kazi hiyo. Msimpe msimulizi wa kwanza mzigo wa hadithi ya kuumiza. Mwacheni asimulie kazi yake, mtaa wake, jinsi bibi yake alivyomlea. Ya kuumiza yatakuja yenyewe chumba kikishakuwa salama, na siku hiyo muwe na mtu wa kukaa na msimulizi baada ya wengine kuondoka. Hili la mwisho nalisema kama muuguzi: mtu akishafungua kidonda mbele za watu humwachi apande matatu peke yake.

Na andikeni. Mtunze daftari moja mahali salama, bila majina, lenye tarehe na mambo yaliyozungumzwa. Wanawake wengine wa New York wapendao wanawake wenzao, walioanza kuhifadhi kumbukumbu zao mwaka 1974, waliziweka ndani ya nyumba ya mmoja wao kwa karibu miaka ishirini kabla ya kupata jengo Brooklyn, na leo watafiti wanazisoma huko.

SWALI: Kwa nini mikutano ya wapenzi wa jinsia moja huwapa jukwaa wao tu? Ingekuwa haki kumwalika daktari na kiongozi wa dini pia ili pande zote zisikike. — *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu yangu, swali lako nimeliona ni la nia njema, nami nitalijibu kwa nia hiyo hiyo.

Upande wa daktari ulisikika kwa muda mrefu sana, tena peke yake. Hadi Desemba 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliorodhesha mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa. Katika mikutano yao walijadiliwa watu ambao hawakuwa na kiti humo. Mei 1972, kwenye mkutano mkuu wao mjini Dallas, alipanda jukwaani daktari mmoja amevaa barakoa na suti iliyompwaya, sauti yake imebadilishwa na kipaza sauti, akajitambulisha kama Daktari H. Anonymous. Aliwaambia kwamba yeye ni mmoja wa wale wanaowaita wagonjwa, na ni mwenzao katika taaluma. Alikuwa John Fryer, aliyekwisha kupoteza nafasi ya kazi kwa sababu ya jambo hilo, na miaka mingi ilipita kabla hajasema hadharani kwamba ni yeye. Mwaka mmoja na nusu baada ya hotuba hiyo, orodha ilibadilishwa.

Daktari na mchungaji hawakatazwi kuingia West 13th. Waje, wakae na wengine, wanyooshe mkono wakati wa maswali. Jumapili na siku za kliniki wana kipaza sauti chao.