Maswali ya Wasomaji: Tefloni kwenye wembe ina madhara?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni kinyozi hapa Mbagala, nanyoa ndevu na vipara kwa zile nyembe za kawaida za pakiti. Juzi mteja wangu kanionyesha kwenye simu eti nyembe zote zimepakwa tefloni na tefloni inaleta kansa, tangu hapo hataki tena wembe anataka mashine tu. Sasa mimi nazishika kutwa nzima, je ni kweli? Na kwenye pakiti wameandika platinamu, hiyo nayo ni sumu?

JIBU: Nzuri sana kaka, pole na kazi. Mteja wako kuhusu kupakwa hajakosea, nyembe karibu zote za dukani zimepakwa na sio jambo geni, lilishika kasi miaka ya 60 mwanzoni pale Wilkinson Sword wa Uingereza walipotoa wembe wa chuma kisichoshika kutu wenye makali yaliyopakwa telezi na wenzao wote wakafuata, manake makali ya chuma kitupu yanakwaruza na yanavuta ndevu badala ya kuzikata. Kwanza wanatandaza krom au krom na platinamu juu ya chuma ili makali yasichakae haraka, halafu juu yake ndo inakuja tefloni, ile plastiki telezi ya vikaango visivyoshika chakula, wanaipuliza kama rangi kisha wanaipitisha kwenye joto la zaidi ya nyuzi 327 mpaka iyeyuke ishike. Hiyo tefloni unene wake haufiki hata maikroni moja (ukigawa milimita moja mara elfu, kipande kimoja ndo maikroni), unywele mmoja wa ndevu una maikroni 50 na kuendelea, kwa hiyo huwezi kuiona kwa macho. (Vile vidoa vyeupe unavyokuta kwenye ubapa wa wembe ukifungua karatasi yake, hiyo ni nta tu ya kuushikilia wembe usichezecheze, watu wengi wanadhani ndo tefloni.)

Sasa je inaingia mwilini? Tefloni ikishakuwa tefloni kamili haina habari na ngozi yako. Haiyeyuki kwenye maji wala kwenye jasho, ukiimeza inatoka kama ilivyoingia, na madaktari wanatengenezea mishipa ya damu bandia wanayoipandikiza kwa watu, ikiwemo wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu. Ile tepu nyeupe laini ambayo fundi bomba anazungushia kwenye nyuzi za koki isivuje, ile yote ni tefloni tupu, kipande kimoja cha ile kina tefloni nyingi kuliko nyembe utakazotumia mwaka mzima. Kwa hiyo kunyoa hakukupi kansa kaka, na platinamu na krom zikiwa katika hali ya chuma hivyo hazina neno, krom inayoogopwa ni ile ya kemikali za viwandani, inayowaumiza wafanyakazi wa kuchovya vyuma.

Lakini sitaki mteja wako aonekane mjinga, kwa sababu hiyo hofu ina chanzo chake na chanzo chenyewe kinauma. Shida kubwa iko kwenye KUTENGENEZA hiyo tefloni. Kwa miaka mingi walikuwa wanatumia kemikali inaitwa PFOA, wengine wanaiita C8, kuzuia tefloni isigandamane mabonge wakati inatengenezwa kiwandani. Kule Parkersburg, West Virginia, Marekani, kiwanda cha DuPont kilianza kuitumia 1951 na mabaki yakawa yanaenda mtoni, hewani na kwenye dampo, mfugaji mmoja Wilbur Tennant akaona ng'ombe wake wanakufa mmoja mmoja huku wanakunywa maji ya kijito kinachotoka upande wa dampo la kiwanda. Akampata mwanasheria Robert Bilott, kesi ikafunguliwa 1999, baadae ikaja kesi ya watu wengi wa eneo lile na ndipo wakapimwa damu watu kama 69,000. Wanasayansi walioteuliwa kuchunguza wakasema yapo magonjwa sita yanayohusiana na ile kemikali, ikiwemo kansa ya figo, kansa ya korodani, tezi ya shingo na presha ya mimba. Mwaka 2017 DuPont na kampuni iliyojitenga nayo zikakubali kulipa dola milioni 671. Na 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka PFOA kwenye kundi la kwanza kabisa, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila ubishi.

Mimi hapa ndo panaponiuma, wale watu wala hawakuugua kwa sababu ya kikaango au wembe, waliugua kwa kunywa maji ya bombani kwao wakati sisi huku tunafurahia wembe mlaini. Na PFOA haiozi, ikishaingia kwenye maji inakaa, ikiingia kwenye damu inachukua miaka kutoka. Mwaka 2019 ikaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa Stockholm wa kemikali sugu, mkataba ambao Tanzania na Kenya zote ziliuridhia 2004, na viwanda vikubwa vya Marekani vilishakubaliana kuiacha ifikapo 2015. Wakaja na mbadala wanaita GenX, nayo 2017 ikajulikana iko kwenye maji ya mto Cape Fear, North Carolina, maji ambayo watu wanakunywa! Ndo maana Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norway na Sweden mwaka 2023 zikapendekeza ukoo mzima wa hizo kemikali, wenyewe wanauita PFAS na tefloni imo, uwekewe marufuku Ulaya isipokuwa pale pasipo na mbadala. Naunga mkono kabisa.

Kwa hiyo mwambie mteja arudi, ila na wewe nikuulize kaka, wembe mmoja unanyolea wangapi? Najua vinyozi mnaukata wembe katikati mnapata vipande viwili, hilo halina shida, shida ni kipande kimoja kupita kwa watu wawili. Kirusi cha homa ya ini B kinakaa hai kwenye damu iliyokauka siku saba au zaidi, hata kama damu yenyewe huioni. Kupitisha makali kwenye spiriti au kwenye moto wa kiberiti hakutoshi, na moto unaunguza hiyo tefloni na kulegeza chuma, mteja wa pili anakwaruzwa halafu vidudu unaweza usiviue vyote. Kipande kipya, mteja akione unakifungua.

SWALI: Shikamoo mhariri. Naishi Tanga, mume wangu anatumia zile mashine za kunyolea za plastiki za kutupa, na mimi nachoma taka nyuma ya nyumba. Je moshi wake? Na nyembe za zamani huwa tunatupa chooni, ni sawa?

JIBU: Marahaba dada. Tefloni iliyopo kwenye wembe ni kidogo mno, moshi wa kukutisha ni wa ule mpini wa plastiki, usichome kabisa na hasa watoto wakiwa karibu. Tefloni ya kuiogopa ikiungua ni ya kikaango kilichosahaulika kitupu kwenye gesi, ule moshi unaua ndege walioko ndani na mtu anapata homa.

Chooni hapana. Siku shimo likijaa linanyonywa au linachimbwa na mtu ana mikono yake, na ukitupa kwenye mfuko wa taka utaishia Pugu au Dandora au dampo la hapo kwenu, pale kuna watu wanachambua chupa na vyuma kwa vidole bila glavu. Chukua kopo la maziwa la bati lenye mfuniko, toboa mfunikoni mwanya mwembamba wa kupitisha wembe, usiufungue tena. Linachukua miaka kujaa. Likijaa zungushia tepu, andika NYEMBE kwa maandishi makubwa, mpe mnunuzi wa chuma chakavu na UMWAMBIE kilichomo ndani, chuma kinayeyushwa upya. Na umwambie baba ahamie kwenye ile mashine ya chuma ya kubadilisha wembe, gharama ni mara moja halafu mnanunua nyembe tu, plastiki inakuwa hamna.

SWALI: Kuna wembe usiopakwa kitu kabisa? Sitaki tefloni hata chembe. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Upo, ule wa kukunja wa kunoa, waliotumia babu zetu. Unanolewa kwenye jiwe na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa. Nyingi ni za chuma cha kawaida na Mombasa hewa ina chumvi, kwa hiyo ukimaliza ufute ukauke kabisa na upake mafuta kidogo, la sivyo wiki tu kutu. Uwe wako peke yako, usiazimishe mtu, maana huo hautupwi na kuusafisha ukawa salama kwa mtu mwingine nyumbani ni kazi ngumu.