Jero ndiyo iliyonimaliza, si bei ya bia

Wiki iliyopita dereva mmoja wa bodaboda kaniandikia: "Kaka, bajeti ya Juni wakipandisha bia tena, mimi naacha." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayo hayo nimeyasema mimi, Juni baada ya Juni, waziri akisoma bajeti Dodoma nami niko kijiweni nasikiliza redio, kiroba, kile kifuko cha pombe kali, mkononi.

Bia sikuwa nayo habari. Mwaka 2016 pale kwetu bia moja ilikuwa 2,500, kiroba cha mililita 50 jero, yaani shilingi mia tano. Hesabu nilizijua vizuri kuliko za nauli: bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi, kiroba cha asilimia 35 kina 17 na nusu. Viroba viwili vinaipita bia, na 1,500 inabaki mfukoni. Nilijiona mjanja.

Tena jero haiumi. Abiria wa kwanza akishuka Ubungo asubuhi, napita kwa Mangi, nachana kona ya kiroba kwa meno, kazi inaendelea. Jioni mke wangu akifua suruali anatoa vifuko vitupu mfukoni, anavipanga kwenye ukingo wa beseni bila neno. Siku moja vilikuwa tisa. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemwambia hela ya madaftari ya mtoto hakuna.

Tarehe 1 Machi 2017 viroba vikapigwa marufuku. Wiki mbili nilikuwa mzima kabisa, na si kwa wokovu, ni kwamba hakuna chupa ya jero. Kisha tukajifunza kuchanga. Watu watano, jero jero, chupa moja, na kila mmoja anapiga funda kubwa asije akapunjwa. Mchango usipotimia, kuna gongo. Gongo ndiyo iliyoniangusha na pikipiki ya bosi saa saba mchana. Bosi akaichukua. Shemeji yangu akaenda kulisimulia ukweni kama kichekesho, na hilo mpaka leo linanichoma.

Kuacha kwenyewe nisikuchoshe. Nilirudi mara mbili. Sasa ni mwaka wa sita sijagusa, na nina pikipiki mbili, kadi zote zina jina langu. Shemeji anajua.

Nilichofanya ni kuiondoa jero mfukoni. Kila baada ya abiria watatu nasimama kwa wakala, naweka hela kwenye simu ya mke wangu, nabaki na ya mafuta. Usitembee na chenji, mdogo wangu. Narudia: usitembee na chenji.

Sisemi bei haina kazi. Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa bia tu, alishuka kutoka tano hadi tatu kwa sababu ya bei, na hakuhamia kokote. Lakini wewe na mimi si watu wa hivyo. Bia ikipanda utahamia kwenye kichupa, kichupa kikipanda utamtafuta mwenye gongo. Vijana mnangoja waziri awape akili! Waziri anatafuta mapato, hakutafuti wewe.

Juni ni mbali. Leo jioni, kabla hujafika ile kona unayoijua, nitumie ujumbe uniambie mfukoni una shilingi ngapi.