Benzi W123 inalia kwenye usukani: usinunue pampu kabla hujafungua tangi lake

Mkuu, hiyo pesa irudishe mfukoni. Umeandika kwamba 240D yako ya 1983, hiyo Benzi W123 ya dizeli, inalia ukikata kona, asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na fundi kakwambia pampu ya pawa, ile inayosukuma mafuta ili usukani uwe mwepesi, imekufa. Sasa unauliza ununue mpya au mtumba, kama ya W124, Benzi iliyofuata, inaingia, na kama plei ya usukani (ule mchezo kabla tairi halijageuka) nayo inasababishwa na pampu hiyo hiyo. Mimi nakuuliza kimoja tu: huyo fundi alifungua tangi la pampu akaangalia ndani? Hujasema. Naweka dau hakufungua, maana wa kwangu naye hakufungua, na mpaka leo nikisoma mtu kaandika "pampu imekufa" damu inachemka.

Na nyie wachangiaji mliomwambia hapo juu "nunua mpya, kazi iishe", hela si yenu, ndiyo maana mnaongea kirahisi.

Kwenye W123 tangi la mafuta ya stelingi, yaani ya usukani, halijakaa pembeni na mpira mrefu kama kwenye magari mengi ya Kijapani. Limekaa juu ya pampu yenyewe, la bati, na kifuniko chake kimefungwa kwa nati. Fungua nati, toa kifuniko, utakuta springi, chini yake kibati, na chini ya kibati filta ya karatasi, duara, imekaa kwenye kitako cha tangi. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye boksi la stelingi yanapita humo kabla ya kuzungushwa tena. Hiyo filta mafundi wengi hawajui kama ipo. Gari lina miaka arobaini, limepita mikononi mwa watu hata huwajui, kila mmoja kajazia mafuta aliyoyaona dukani, filta ni ile ile. Ikiziba, mafuta hayapiti vizuri, pampu inakosa mafuta, inapiga kelele. Asubuhi mafuta yakiwa baridi ni mazito, yanapita kwa shida zaidi, kwa hiyo kelele inazidi. Dalili zako ndizo hizo hizo, mkuu, umeziandika mwenyewe bila kujua.

Sasa nikwambie nilivyoingizwa mjini.

Fundi wangu alikuwa anasifika kwa Benzi. Alifungua boneti, akaniambia niwashe, akainamisha sikio juu ya injini kama anasikiliza taarabu, akanyanyuka: "Pampu." Dakika haijaisha. Sikumuuliza umejuaje. Unamuulizaje mtu ambaye mtaa mzima unamwita mtaalamu? Nikaenda dukani, muuzaji akanitolea pampu ya mtumba, imeoshwa kwa petroli inang'aa, "hii imetoka Ujerumani bosi", akazungusha puli kwa vidole viwili: "Ona ilivyo laini." Nikaona kweli laini. Jamani, pampu yoyote isiyo na presha inazunguka laini kwa vidole, hata iliyokufa! Ni sawa na kupima injini kwa kuangalia rangi ya gari. Lakini siku hiyo nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, nikalipa.

Kufunga ndiko kulikoniua kabisa. Kwanza, kukaza mkanda, fundi alichomeka mtaimbo akaegemea tangi la bati. Hapo pana bolti yake ya kukazia, yeye hakuwa na muda nayo. Bati likabonyea, na tangi likibonyea kifuniko hakikai tena sawasawa, linavuja milele. Pili, hakumwaga mafuta ya zamani. Yote yaliyokuwa kwenye mipira na kwenye boksi la stelingi yakabaki humo humo. Tatu, ile filta. Alihamisha tangi langu la zamani na uchafu wake wote akalipachika juu ya pampu "mpya", bila kuchungulia. Nne, alimimina mafuta kidogo, akawasha injini pampu ikiwa kavu, akakata usukani mpaka mwisho na kuushikilia pale pale "ili hewa itoke". Pampu ilipiga ukelele majirani wakatoka nje. Usukani ukiwa mwisho presha inapanda mpaka valvu ya kupunguza presha ifunguke, mafuta yanachemka, na pampu ndiyo inayoumia. Akanitazama akasema, "Hiyo ni kawaida, inazoea."

Ikanyamaza kwa muda. Nikawa natamba kijiweni kwamba Benzi yangu usukani unakatwa kwa kidole. Halafu kelele ikarudi, safari hii na mafuta yanatoka kwenye shafti nyuma ya puli. Nikachovya kidole kwenye tangi, nikasugua na kidole gumba juani: vipunje vinametameta. Chuma hicho. Hizi pampu ndani zina vibapa vidogo vinavyoteleza kwenye mifuo yake huku vikisuguana na ringi, nafasi kati yao ni ndogo mno, uchafu ukiingia unachimba mikwaruzo na kazi imekwisha. Kwa hiyo pampu ya mtumba sasa ilikuwa imekufa kweli kweli, na aliyeiua ni mafuta machafu niliyoyaacha mle ndani.

Nikalipeleka gari kwa fundi mzee mmoja Ilala, hana hata kibao cha gereji. Hakuwasha gari. Alifungua kifuniko, akatoa springi, akanyofoa filta kwa koleo. Ilitoka nyeusi, imelowa, karatasi imekunjana upande mmoja na inachanika ukiigusa. Akaiweka kwenye gazeti, akaniuliza, "Pampu iliyokuja na gari iko wapi?"

Nilimwambia yule fundi wa kwanza aitupe.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Ile pampu ya kiwandani, kwa maelezo niliyompa, haikuwa inavuja, puli haikuwa inacheza, na mafuta yake hayakuwa na chuma. Ilikuwa inakosa mafuta tu. Nimemwachia mtu pampu nzima bure, na nina imani kabisa leo inazunguka kwenye Benzi ya mtu mwingine, na huyo mtu kaambiwa imetoka Ujerumani. Angalau hapo muuzaji hatakuwa amedanganya.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, iandike ukutani gereji: pampu haing'olewi kabla filta haijabadilishwa na mafuta kumwagwa yote. Filta mpya na raba ya kifuniko ni hela ndogo sana ukilinganisha na pampu, hata hiyo ya mtumba. Ukikosea hapo hujapoteza kitu, kwa sababu hata kama pampu imekufa kweli, filta lazima ubadilishe vilevile.

Unavyofanya: nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, matairi yaning'inie. Nyonya mafuta ya tangini kwa bomba la sindano, toa filta, futa kitako kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Chomoa mpira wa kurudishia, ule wa presha ndogo unaobanwa kwa klipu, uelekeze kwenye chupa, ziba pale ulipotoka. Injini imezimwa. Mtu mmoja azungushe usukani taratibu kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, mwingine amimine mafuta safi tangini, asiache likauke. Endelea mpaka yanayotoka chupani yawe na rangi ile ile ya unayomimina. Utashangaa yanavyotoka, kwangu yalikuwa kama oili chafu ya injini. Weka filta mpya, kibati, springi, rudisha mpira, jaza mpaka alama, zungusha tena injini ikiwa imezimwa, ongeza. Ndipo uwashe. Ukiona povu tangini, bado kuna hewa: zima, acha povu lishuke, rudia. Na usukani usiushikilie mwishoni, gusa urudi.

Mafuta weka ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya Dexron au ile ya stelingi ya Mercedes yenyewe, chagua moja ubaki nayo. Mtu akikwambia mafuta ya breki "yanafanya kazi ile ile", muage kwa heshima, ondoka. Hayo yanavimbisha sili zote, kuanzia pampu mpaka boksi la stelingi, na boksi ndilo lenye bei.

Kabla ya hayo yote, hata leo jioni unaweza kufanya hili: legeza mkanda wa pampu uutoe, washa kidogo tu, sikiliza. Kelele ikibaki, pampu haihusiki kabisa, tafuta kwenye altaneta au pampu ya maji. Ikipotea, angalia kwanza mkanda wenyewe, maana uliolegea au uliokauka nao unapiga kelele ukikata kona, hasa ukifika mwisho. Wakati mkanda uko nje, shika puli ya pampu kwa mkono uitikise. Ikicheza, au kukiwa na mafuta nyuma yake, au ukiona vile vipunje vya kumetameta tangini, hapo sawa, pampu imekwenda, nunua. Na ukinunua bado utamwaga mafuta yote na kubadilisha filta kwanza, vinginevyo unaipeleka machinjioni.

Ya mtumba au mpya? Mkuu, mimi naona bado hujafika kwenye swali hilo. Fungua tangi kesho asubuhi kabla hujawasha, toa filta, iweke kwenye gazeti jeupe upige picha uiweke hapa. Na huyo fundi akianza kutafuta spana ya kung'olea pampu, ifiche.