Fundi Anajibu: Kadi ni moja, mbona kila programu ina namba yake?

SWALI: Mzee, habari za kazi. Nahariri video za harusi na kipaimara hapa Arua. Nimenunua Kampala kompyuta iliyotumika, ina RAM ya GB 16 na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya GB 4. GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, inasema memori ya kadi inakwenda MHz 1752. nvidia-smi, programu ya NVIDIA yenyewe waliotengeneza chipu ya kadi, inasema 3504. Boksi la kadi limeandikwa 7 Gbps. Task Manager ya Windows inanipa memori ya GB 12 badala ya 4, halafu GPU-Z imeandika "PCIe x16 3.0 @ x16 1.1". Rafiki yangu anasema niingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) nilazimishe 3.0, na nipandishe memori mpaka ifike 3504. Nikirenda video (kuitoa iwe faili kamili), Task Manager inaonyesha kadi inafanya kazi asilimia 5 tu. Pale GPU-Z, kwenye Shaders, pameandikwa 768. Je, nimeuziwa kadi bandia? — Mhariri wa video, Arua

JIBU: Mwanangu, kadi yako ni halali. Usiguse BIOS, na usipandishe kasi ya memori hata kidogo. Nimeona kadi nzima zikirudishwa dukani kwa ajili ya namba hizi hizi, na nyingine zikiharibiwa na watu waliotaka namba mbili zilingane. Inaniuma, kwa sababu hizo ni fedha za jasho.

Nianze na hiyo 768, maana ndiyo inayonipa moyo. GTX 1050 Ti, iliyotoka 2016, hutumia chipu ya GP107 yenye viini 768 vya kuchakata picha, ndivyo GPU-Z inavyoviita Shaders. Bandia zinazozunguka sokoni mara nyingi ni kadi za 2010, kama GTS 450, zilizobadilishiwa BIOS ya kadi yenyewe (programu ndogo iliyo ndani yake) ili zijitangaze kwa jina jipya. Jina linabadilika, lakini GTS 450 ina viini 192, na viini hivyo haviongezeki kwa kuandika jina jipya. Tangu 2018 GPU-Z yenyewe huweka neno FAKE mbele ya jina ikigundua udanganyifu huo. Geuza pia kompyuta uangalie nyuma: ukikuta kadi inayojiita 1050 Ti ina tundu la VGA (lile la zamani la kuunganisha monita), ishuku, kwa sababu NVIDIA iliacha kutoa picha ya analogi kwenye kizazi hiki. Wauzaji wanajua wengi wetu bado tuna monita za VGA, kwa hiyo tundu hilo huwasaidia kuuza.

Sasa kasi ya memori. Zile namba tatu zinasema jambo moja. Memori ya GDDR5 hupeleka data mara nne katika kila pigo la saa yake. GPU-Z hukupa saa yenyewe, 1752. nvidia-smi hutaja mara mbili yake, 3504. Aliyechapisha boksi alizidisha kwa nne, akapata 7008, yaani karibu gigabiti 7 kwa sekunde kwa kila waya wa data. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: 7008 mara upana wa biti 128, gawanya kwa 8, unapata kama GB 112 kwa sekunde. Tafuta sehemu ya Bandwidth, yaani kasi ya jumla ya data, kwenye GPU-Z, utaikuta 112.1. Kwa hiyo rafiki yako anataka upandishe kitu ambacho tayari kipo pale anapotaka kifike. Na hapa ndipo hatari ilipo: ukiongeza 100 kwenye MSI Afterburner, programu ya kupandisha kasi ya kadi, ambayo huhesabu kama nvidia-smi, GPU-Z itaonyesha ongezeko la 50 tu. Mtu asiyejua ataongeza tena na tena akidhani kadi haimsikii, mpaka skrini ianze kutoa madoa.

Ile GB 12 haina siri. Windows huiruhusu kadi kuazima hadi nusu ya RAM ya kompyuta. Nusu ya 16 ni 8, ongeza 4 za kadi yenyewe, basi. Shuka chini kidogo pale Task Manager usome mstari wa "Dedicated GPU memory", huo ndio wa kadi peke yake. Fungua mradi mzito wa 4K uone mstari huo ukipanda. Ukivuka GB 2 au 3 bila programu kuanguka, memori ni ya kweli. Bandia hufia hapo hapo, maana nyingi zina GB 1 tu.

Kuhusu "3.0 @ x16 1.1": upande wa kushoto ni uwezo, upande wa kulia ni hali ya sasa hivi. Kadi isiyo na kazi hushusha kasi ya PCIe, njia inayoiunganisha na kompyuta, ili isile umeme bure. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni ya maandishi hayo, GPU-Z itaipa kadi kazi ya kuchora, na 1.1 itapanda kuwa 3.0 mbele ya macho yako. Ikiishia 2.0, angalia umri wa kompyuta: mashine nyingi za ofisi zenye Intel Core za kizazi cha pili, za 2011, mwisho wake ni 2.0, na BIOS haitakupa zaidi. Kitakachonishughulisha ni ukiona x4 mahali pa x16, yaani mikondo minne ya data badala ya kumi na sita. Hapo zima, chomoa waya wa umeme, toa kadi, safisha meno yake kwa spiriti safi, acha yakauke, rudisha kwenye tundu refu lililo karibu zaidi na prosesa.

Imebaki asilimia 5, na hili ndilo linalogusa kazi yako. Task Manager huonyesha grafu chache tu, ya kwanza ikiwa 3D. Kurenda video hakupiti sana hapo. Bonyeza jina la mojawapo ya grafu, chagua "Video Encode" (kusimba video) au "Cuda" (hesabu zinazofanywa na kadi ya NVIDIA), uangalie tena. Fungua pia nvidia-smi wakati video inarenda, ila usiipe imani isiyo yake: asilimia yake hupima muda ambao kadi ilikuwa na kazi yoyote, iwe kubwa au ndogo. Ikiwa zote zinasoma karibu na sifuri, basi programu yako inarenda kwa prosesa. Ingia kwenye mipangilio ya kutoa video, uchague NVENC, yaani kisimba video kilicho ndani ya kadi. Huo ndio mpangilio mmoja ninaokuomba ubadilishe.

SWALI: Fundi, nvidia-smi inaniandikia CUDA 12.4, nvcc, programu ya kutafsiri msimbo wa CUDA, inaniandikia 11.8. Nifute ipi? — Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Usifute yoyote. nvidia-smi inataja toleo la juu kabisa la CUDA ambalo draiva yako (programu inayoendesha kadi) inaweza kulihudumia. nvcc inataja zana za CUDA ulizoziweka mwenyewe. Draiva mpya huzihudumia zana za zamani bila shida. Kinyume chake, nvcc ikiwa na toleo kubwa kuliko la nvidia-smi, ndipo usasishe draiva. Na kama unatumia PyTorch, maktaba ya Python ya kufundisha mashine, iliyowekwa kwa pip (kisakinishi cha Python), kwa kawaida hiyo huja na maktaba zake za CUDA, kwa hiyo iulize yenyewe kwa torch.version.cuda.