Mwisho wa reli una kuta tupu

Wiki iliyopita niligusia jinsi stendi na vituo vyetu vya daladala hapa Kigoma vilivyo na kuta tupu, ilhali mafundi wa kuchora wamejaa kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Mmeniandikia wengi. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

*Nachora mabango ya saluni na vinyozi hapa Ujiji. Nikitaka ukuta wa stendi, naanzia wapi? – Fundi wa mabango*

Anza kwa kujua ukuta ni wa nani, maana hapo ndipo wengi wanapozungushwa. Stendi ya mabasi ni ya Manispaa. Stesheni ni ya Shirika la Reli, na bandarini ni Mamlaka ya Bandari. Daladala ni ya mwenyewe, huko mnamalizana kwa chai. Kwa hao wengine usiende mikono mitupu na maneno "nina wazo". Pima ukuta kwa futi, upige picha, chora mchoro mdogo kwenye karatasi ya A4 wenye rangi zake, kisha andika siku utakazotumia na gharama, ndoo kwa ndoo. Jisajili pia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ofisa akiona namba ya usajili, barua yako haiendi chini ya rundo haraka sana.

*Tulichora ukuta wa kituo, masika mawili tu rangi ikabanduka kama maganda ya muhogo. Tulikosea nini? – Kikundi cha vijana, Gungu*

Weka kiganja ukutani usugue. Kikitoka cheupe, hiyo ni chokaa ya zamani: rangi yako itaishika chokaa, lakini chokaa haiushiki ukuta. Kwangua yote, piga msasa, osha, acha ukauke kabisa, ndipo upake praima, yaani rangi ya msingi.

La pili, nahisi mlitumia rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa. Edward Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli, ndiyo, lakini kwenye vibao. Ukuta wa saruji una unyevu, na rangi ya mafuta inauziba. Maji yakikosa pa kutokea yanaisukuma rangi, inavimba malengelenge. Tumieni rangi ya maji ya nje. Chini ya usawa wa goti msichore kitu cha thamani, pale pana matope, mizigo na mbuzi.

Na jua! Ukuta unaotazama ziwa unapigwa tangu mchana hadi linapozama nyuma ya milima ya Kongo. Nyekundu na njano za bei rahisi ndizo zinazokufa kwanza. Nyekundu ya udongo, ile inayofanana na kutu, itawazika nyote.

*Kwa nini tusichore stesheni yenyewe? – Abiria wa treni*

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo lile la Wajerumani ni kazi ya mikono tayari. Mimi singeligusa kwa brashi. Chora kwenye mbao, uzisimamishe kwa miguu yake bila kupiga msumari hata mmoja ukutani. Mbao zina faida nyingine: kila baada ya miezi mitatu anaingia msanii mwingine.

*Nimeambiwa malipo yangu ni "kujulikana". – Mchoraji, Mwanga*

Mwuza rangi naye analipwa kwa kujulikana? Kataa. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: kiasi, awamu, nani ananunua rangi, nani anakarabati. Na ongeza kipengele cha hakimiliki. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, haki za kazi ni zako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuuza ukuta uliochorwa si kuuza ruhusa ya kuichapa picha kwenye fulana. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamia mchoro wa migebuka na mitumbwi kituoni; tulirudi Jumatatu tukakuta tangazo la bando la simu juu yake. Hatukuwa na karatasi. Tulidai kwa nani?

*Stendi haina choo cha maana, ninyi mnaongelea picha? – Mama lishe*

Shikamoo mama. Umenishinda. Choo kwanza. Kikishajengwa, tupe kazi ya kuchora mshale wa kukielekeza, msafiri wa usiku asiulize watu watano.

*Sichori, natunga mashairi. Nina nafasi? – Mwalimu, Ujiji*

Unayo, tena rahisi kuliko zote. London walianza mwaka 1986 kubandika mashairi ndani ya treni za chini ya ardhi, kwenye nafasi za matangazo zilizokuwa tupu. Daladala ya Mwanga kwenda Ujiji ina nafasi hiyo juu ya kichwa cha dereva, kwa sasa imeandikwa "Hakuna mkopo". Ila mwalimu, usilete utenzi. Lete ubeti mmoja, herufi kubwa, usomwe na aliyesimama ameshika bomba, kabla konda hajagonga bodi na kuuliza nani anashuka.